Sifuri Kumi za Ghorofa ya Tatu

Jumatatu, 3 Machi

Barua imefika kutoka makao makuu. Karatasi moja, mhuri mmoja, aya tatu. Aya ya kwanza salamu. Ya pili inasema kazi ya usafi imebadilika duniani kote. Ya tatu inataka kuniua.

Jengo letu lina ghorofa nane na wasimamizi wawili wa usafi. Mimi nina ghorofa ya kwanza hadi ya nne. Shemeji, mdogo wake mama watoto, ana ya tano hadi ya nane. Kuanzia mwezi ujao atabaki msimamizi mmoja tu. Mwingine atavuliwa shati jeupe, avishwe ovaroli ya buluu, arudi kwenye ndoo na kupiga deki. Miaka kumi na tisa katika kazi hii! Saba kati ya hiyo nikiwa na shati jeupe!

Na shemeji huyo kaletwa na nani? Na mimi. Kufundishwa kukamua kitambaa? Na mimi. Kikulacho ki nguoni mwako, na wangu anakuja kula kwangu kila Jumapili.

Barua ililetwa na mwanamke mfupi mwenye miwani ya kamba na sanduku la chuma. Tayari nimempa jina: Mama Vipimo. Alitukusanya stoo, akabandika michoro ukutani juu ya rafu ya sabuni. Akasema zamani msafishaji bora alikuwa yule asiyeonekana. Siku hizi wateja wanataka wamwone mchana kweupe akisugua, na wanataka kila anachokifanya kipimwe. Kisichopimwa hakipo, akasema. Atatupima wiki mbili kwa vigezo vitatu.

Kwanza, vitufe vya sura. Kila mlango wa choo utawekwa kisanduku chenye sura tatu: ya kijani inacheka, ya njano imeganda, nyekundu imenuna. Mtu akitoka anabonyeza. Pili, beji. Kila msafishaji ataivaa kifuani, nayo itarekodi amepita wapi na amemaliza mita ngapi za mraba kwa saa. Tatu, mashine iliyo ndani ya lile sanduku. Unapangusa mahali kwa kijiti cha pamba, unakitia kwenye mashine, inakupa namba ya uchafu usioonekana kwa macho. Chini ya thelathini umefaulu. Juu ya hapo, osha tena.

Nilimuuliza kama miaka kumi na tisa nayo inapimwa. Akasema hapana, hiyo ni historia.

Nyumbani nikamsimulia mama watoto. Akauliza kwa nini nisisafishe tu kwa bidii wiki hizo mbili. Nikamwambia asiyejua siasa za usafi bora anyamaze. Msimamizi hasafishi. Msimamizi anapanga! Akasema haya, panga, lakini nikumbuke upande mmoja ni mumewe na wa pili ni mdogo wake, kwa hiyo vyovyote itakavyokuwa yeye atalia.

Hatalia. Nitashinda. Halafu nitamwachia shemeji ndoo nzuri, ile yenye magurudumu.

Jumanne, 4 Machi

Vitufe vimefungwa asubuhi. Kufikia saa saba mchana ghorofa za shemeji zilikuwa na kijani arobaini na moja. Zangu: kijani sita, njano tatu, nyekundu kumi na tisa.

Kumi na moja kati ya hizo nyekundu najua zimetoka kwa nani. Karani wa bima, ghorofa ya tatu. Mwezi uliopita alilalamika sabuni imeisha, nikamjibu kwamba mikono yake haionekani kuizoea sabuni. Tangu siku hiyo ana kinyongo. Leo nimemwona akienda chooni mara nne kabla ya saa nne. Hana haja yule! Anafuata kitufe.

Nikapanga. Mpango wenyewe rahisi hata nikaona haya. Saa nane, ghorofa ya pili, choo cha wanaume, ukumbi mtupu. Nikasimama mlangoni nikaanza kubonyeza kijani. Mwamba ngoma ngozi huvutia kwake! Nilipofika themanini kidole gumba kikafa ganzi. Nikahamia kiwiko. Mia mbili na kumi na mbili kwa jumla.

Bi Ndoo akapita na toroli lake. Huyu ndiye mkubwa kwa umri katika kikosi changu, na mdomo wake hauna kifuniko. Akauliza ukuta umenikosea nini. Nikasema nakagua kifaa kipya. Akasema kifaa hukaguliwa mara moja, bosi, ukirudia hivyo ni mapenzi.

Nimelala usingizi mtamu. Yaani, nitalala. Naandika kabla.

Jumatano, 5 Machi

Fedheha.

Sikuambiwa kwamba kisanduku kinaandika saa! Mama Vipimo ameita kikao. Akasoma, taratibu, kama anayesoma wosia, kwamba jana kati ya saa nane kamili na saa nane na dakika kumi na moja watu mia mbili na kumi na wawili walitoka wameridhika katika choo chenye vyumba vitatu. Akauliza kulikuwa na nini. Nikasema mkutano. Akauliza mkutano wa nani. Nikasema wa wadau.

Shemeji alitazama chini akacheka kwa mabega.

Alama zote zimefutwa. Kisanduku kimerekebishwa, sasa ukishabonyeza kinalala nusu dakika. Sawa. Mnafunga mlango, mnasahau dirisha.

Saa tano nikachapa vibandiko vinne na kuvibandika juu ya sura nyekundu, ghorofa zangu zote: KITUFE HIKI KIMETOKA KUSAFISHWA, TAFADHALI USIKIGUSE. Kazi safi! Watu wana adabu sana mbele ya kitu kilichosafishwa. Mpaka saa nane hakuna nyekundu hata moja. Kisha karani wa bima akabandua cha ghorofa ya tatu kwa ukucha, akakikunja, akakileta stoo na kunikabidhi mkononi. Alirudi akabonyeza, akangoja nusu dakika, akabonyeza tena. Mtu mzima na kazi yake! Alikaa pale mpaka saa tisa.

Ijumaa, 7 Machi

Vitufe nimeviacha. Vinategemea hisia za watu, na watu hawana shukrani. Leo beji.

Kampuni imejiwekea mita mia tatu za mraba kwa saa kwa kila msafishaji. Kikosi cha shemeji kinapiga mia mbili na tisini. Changu mia moja na themanini. Nilipowauliza wasafishaji wangu kulikoni, Bi Ndoo akasema haraka haraka haina baraka, na magoti yake yana umri mkubwa kuliko kampuni. Nikamwambia vua hiyo beji.

Nikazichukua zote sita. Nikazifunga kwa kamba kwenye mpini wa mashine ya kusugulia sakafu, ile kubwa ya duara. Nikaiwasha kwenye ukumbi wa ghorofa ya kwanza na kuiacha ijizungushe, mimi nimeshika waya tu nikiuangalia usijisokote. Saa mbili nzima! Iling'oa nta na kuanza kung'oa rangi, lakini beji zilikimbia.

Jioni namba zikatoka. Mita elfu moja na mia tisa za mraba kwa saa. Kwa kila mtu! Nikamtazama shemeji. Alikuwa ametoa macho. Nikajinyoosha shati.

Mama Vipimo akawasha mchoro wa njia ukutani. Mistari sita, rangi sita, yote imezunguka mahali pamoja mithili ya uzi kwenye kibiringo. Akasema anaona watu sita wamekumbatiana wakacheza duara ukumbini kwa saa mbili. Akauliza wakati huo walikuwa na hali gani. Nikasema walikuwa na ari.

Kumbe hao sita wakati wote huo walikuwa stoo wanakunywa chai. Nikamvaa Bi Ndoo: kwa nini hamkufanya kazi? Akanijibu bila hata kuweka kikombe chini. Akasema si mmesema kisichopimwa hakipo? Beji imechukuliwa, yeye hayupo. Na mtu asiyekuwepo hawezi kusafisha choo.

Ghorofa mbili hazikuguswa leo.

Jumapili, 9 Machi

Shemeji kaja kula. Kavaa vizuri. Akamletea dada yake khanga, akawabeba watoto mgongoni, akasifu mboga. Wote wanampenda. Mimi nikala nikimsoma.

Baada ya chakula akasogeza kiti karibu yangu. Akasema shemeji, sikiliza, tuzungumze kikubwa. Akasema haya mambo ya mashine na beji yatanimaliza mwenyewe. Akasema katika jengo lile zima hakuna mtu anayejua kusafisha sinki kama mimi, na kwamba yeye kila akikunja kitambaa anakumbuka nilivyomchapa nacho mkononi alipokosea. Nirudi tu kwenye mikono yangu, akasema, kipimo kitajileta.

Mtego! Nani anampa mpinzani wake shauri jema? Nikamwambia ahsante, nitalifanyia kazi. Mama watoto akanikanyaga mguu chini ya meza. Shemeji alipoondoka tukagombana. Kasema mdogo wake alikuwa anasema kweli. Nikasema hata ndoano husema kweli kuhusu chambo. Akasema hajaelewa. Mimi pia sikuelewa vizuri, lakini nilikuwa nimekwisha kusema.

Jumatatu, 10 Machi

Leo jaribio la mashine ya namba, kipimo kizito kuliko vyote. Mama Vipimo mwenyewe amesema kitahesabiwa mara mbili ya vingine. Leo mazoezi tu, cha kweli ni Alhamisi. Nilimfuata nyuma hatua kwa hatua, mkono mgongoni, jicho kwenye kijiti chake.

Anapima mahali kumi. Kitasa cha mlango wa choo, nje. Kitasa, ndani. Koki ya kushoto. Koki ya kulia. Kitufe cha kuvutia maji. Swichi ya taa. Kitufe cha lifti. Mshikio wa ngazi. Meza ya mapokezi. Mpini wa birika la chai. Kumi tu, zote ghorofa ya tatu kwa upande wangu, ya saba kwa upande wa shemeji. Nimeziandika kiganjani.

Wastani wa shemeji, thelathini na nne. Wangu themanini na nane. Nilipinga. Nilisema pamba ilikuwa imeshachafuka ilipofika kwangu. Akanionyesha paketi iliyofungwa.

Lakini ngoja. Ngoja! Katika zile kumi, koki ya kushoto ilisoma sifuri. Sifuri! Mama Vipimo akakunja uso, akasema labda kijiti kibovu, akapita. Mimi sikupita. Nikamtafuta Bi Ndoo na kumbana ameifanya nini koki ile. Akakiri kwa shingo upande kwamba asubuhi alimwaga pale klorini kali ya dumu, isiyotiwa maji, na hakuifuta kwa sababu simu ya mwanawe iliita.

Klorini kali! Miaka yote tunaipunguza, kijiko kimoja kwa ndoo, kwa sababu kibandiko kinasema hivyo. Nani aliandika kibandiko? Watu wa aina ya shemeji!

Jumatano, 12 Machi

Siku ya maandalizi. Nimefanya mwenyewe, sitaki mashahidi. Dumu zima, brashi ndogo ya rangi. Sehemu zote kumi, kila saa napaka upya. Siachi zikauke.

Kazi si ndogo. Hakuna anayeruhusiwa kugusa mahali nilipokwisha kupaka. Kwa hiyo nimesimama kwenye lifti nikiwabonyezea watu kwa kalamu. Nikasikia mlango wa choo, nikakimbia kumfungulia mtu kwa kiwiko. Nikarudi lifti. Mapokezi binti wa watu akataka kuweka mkoba mezani, nikaudaka hewani. Macho yananichuruzika. Karani wa bima akasimama, akanitazama, akaniuliza kwa sauti ya upole nimefiwa na nani. Nikamwambia subiri kesho.

Sehemu nyingine za ghorofa sikuzigusa. Za nini? Hazipimwi.

Harufu ni kali kidogo. La kuvunda halina ubani, wanasema. Hao hawakuwa na dumu la lita ishirini.

Mama watoto kaninusa mlangoni, kanitoa nje. Naandika nikiwa nimekaa ngazini. Haidhuru. Kesho atanipokea bingwa.

Alhamisi, 13 Machi

Niandike yote.

Ghorofa ya saba kwanza. Shemeji wastani ishirini na mbili. Amefaulu. Alinyoosha mkono kunisalimia na mimi nikaupokea, kwa sababu ni rahisi kuwa muungwana ukijua kinachokuja.

Tukashuka ya tatu. Wote walikuwepo: meneja wa jengo, shemeji, Bi Ndoo na ndoo yake. Kitasa cha nje. Sifuri. Kitasa cha ndani. Sifuri. Koki, sifuri. Koki ya pili, sifuri. Nikaanza kuhesabu kwa sauti. Meneja wa jengo akaanza kuhesabu pamoja nami! Tulipofika kwenye birika, sifuri ya kumi, niliinua mikono yote miwili juu na kupiga yowe. Nakiri yowe. Ushindi wa miaka kumi na tisa!

Mama Vipimo hakupiga makofi. Alivua miwani akaifuta. Akasema amepima kwa miaka kumi na moja. Amepima vyumba vya upasuaji. Hajawahi kuona sifuri kumi. Akasema mashine hii inafanya kazi kwa mwanga, mwanga wa aina moja na ule wa kimulimuli: ikikuta uchafu inawaka, na namba ni kiasi ilivyowaka. Klorini kali inaua ule mwanga. Sifuri, akasema, haina maana kwamba ni safi. Ina maana kwamba mtu amemnywesha kimulimuli sumu.

Kisha akachukua kijiti cha kumi na moja. Hakikuwemo kwenye orodha! Nilipinga kwa sauti kubwa, na napinga mpaka sasa! Akaturudisha chooni, akapangusa sinki, upana wa kidole kutoka kwenye koki. Mia sita na arobaini.

Na bado. Mlango ukafunguka, akaingia karani wa bima na suruali yake nyeusi. Pajani alama tano nyeupe za vidole, wazi kabisa, kama mtoto kampaka chokaa. Nyuma yake wenzake sita. Mmoja koti la buluu lenye kiganja kizima. Mmoja sketi. Wote walikuwa wameshika mshikio wa ngazi. Lifti walikuwa wameiogopa, wakasema, kwa sababu kuna mtu mle anayelia na kalamu mkononi.

Bi Ndoo akaniambia, bosi, maji yakimwagika hayazoleki. Msemo huo ulitungwa na mtu asiyejua deki. Maji yanazoleka! Ndiyo kazi yetu!



Ijumaa, 14 Machi

Uamuzi. Shemeji ndiye msimamizi wa jengo zima. Mimi, ovaroli ya buluu, ghorofa ya tatu. Ya tatu! Wangeweza kunipa yoyote.

Nilivua shati jeupe stoo, nikalikunja, nikaliweka juu ya rafu ya sabuni. Nilijisemea sitalia. Shemeji akaingia. Alisimama kama aliyetumwa na kusahau alichotumwa. Akasema shemeji, nisamehe. Nikamwambia asinisamehe yeye, mimi sijakosa, kisha nikagundua yeye ndiye aliyekuwa ameomba. Tukaachana hivyo.

Nikamtangazia mama watoto kwamba naacha kazi. Sitapiga deki chini ya mtu niliyemfundisha kupiga deki. Nilitegemea aniunge mkono au anipigie kelele. Hakufanya lolote. Akakaa kitandani. Akasema alipoolewa, wiki ya kwanza, alinikuta nimepiga magoti naosha karai la mama yake, lililokuwa na masizi ya miaka, na nililiosha mpaka mama yake akalitundika ukutani. Akasema siku ile ndipo alipojua kwamba hakukosea. Kisha akaniuliza, lini mara ya mwisho uliosha kitu chochote?

Swali la uchokozi. Nimekataa kulijibu. Nimekaa nalo usiku kucha, lakini nimekataa.

Naenda Jumatatu. Si kwamba nimekubali. Naenda kupinga nikiwa ndani.

Jumatatu, 17 Machi

Ovaroli inabana tumboni. Wameishona kwa ajili ya watu wasio na historia.

Nilianza saa mbili asubuhi kwa hasira. Nikajifungia choo cha ghorofa ya tatu na kuapa kwamba nitawaonyesha. Maji ya moto, sabuni ya kawaida. Klorini shemeji ameifungia kwenye kabati, ufunguo shingoni mwake. Nikakunja kitambaa mara mbili, kikatoa pande nane. Upande mmoja kwa mahali pamoja, usirudie. Juu kwenda chini. Pakavu kabla ya palipolowa. Nyuma ya koki kwa uzi. Sikuwaza. Mikono ilikuwa inakwenda yenyewe, mimi nilikuwa nikiwatukana tu mmoja mmoja kwa mpangilio. Nilipofika kumtukana meneja wa jengo, nikaona nimemaliza.

Mama Vipimo alikuwa anapita na sanduku lake, anarudi makao makuu. Akachungulia. Akaweka sanduku chini. Bila kuomba akapangusa sinki.

Tisa.

Akapangusa tena, mahali pengine. Tisa. Koki, kumi na moja. Nyuma ya koki, ambako hakuna mtu anayepima, kumi na mbili. Akanusa kijiti, akanusa sinki, akaninusa mimi. Sabuni. Akasema katika jengo hili hajapata namba hizi, wala hajui kikosi chochote cha kampuni kilichozipata. Akamwita shemeji. Shemeji akatazama mashine, akanitazama mikono, macho yakamlowa papo hapo. Akasema shemeji, Alhamisi naomba uwafundishe wote, kama ulivyonifundisha mimi.

Karani wa bima akaingia. Suruali mpya. Alikaa ndani kitambo, akatoka, akasimama mbele ya kisanduku. Nilikaza meno. Akabonyeza kijani. Mara moja tu, akaenda zake.

Naandika ukweli, hili ni daftari langu. Nilifurahi kiasi kwamba nilishindwa kuinua ndoo.

Lakini mimi si mtu wa kufurahi bila kuchunguza. Nilikaa stoo saa ya chai nikafikiri. Tisa! Imetoka wapi tisa? Mikono? Mikono ninayo tangu nizaliwe, mbona haikuleta tisa Jumatatu iliyopita? Sabuni? Sabuni ileile anayo kila mtu. Nini kilichokuwa katika choo kile na hakikuwepo mahali pengine popote katika jengo?

Klorini yangu!

Imekuwa wazi kabisa. Sikukosea hata kidogo. Nilipaka Jumatano wakapima Alhamisi, bado mbichi. Ilitaka kulala siku tano! Mpango ulikuwa kamili, kalenda ndiyo iliyonisaliti. Wakipima tena, mwezi wa sita, nitapaka mapema, jengo zima, kuanzia ngazi. Ufunguo uko shingoni mwa shemeji, na shemeji anakula kwangu kila Jumapili. Alhamisi sitawafundisha hao vijana mambo ya kukunja vitambaa. Nitawafundisha sayansi.

Nimemweleza mama watoto yote, kwa mchoro. Alisikiliza mpaka mwisho. Akanishika mikono yote miwili, akaigeuza, akaiangalia mbele na nyuma kwa muda mrefu. Kisha akanipa masufuria ya juzi yaliyoungua, akaenda kulala.

Nimeyaosha. Yanang'aa, unaweza kujitazamia ukinyoa ndevu. Lazima mtu aliyapitishia klorini.